Bustani ya kusini huanza mvua ikiondoka

Ukitaka nyanya Mtwara au Lindi, subiri mvua iondoke. Kwa mkulima wa shamba neno hili ni gumu kulipokea, kwa sababu shambani kila kitu huenda na mvua: mahindi, karanga, mtama, mbaazi. Mvua ya kwanza ikigonga bati, kila mwenye jembe anatoka. Mwenye kibustani nyuma ya nyumba naye anatoka, anamwaga mbegu zake za nyanya na kabichi siku hiyohiyo, na ikifika Februari hana kitu ila mabua meusi. Kisha analaumu mbegu, au ardhi, au mkono wake. Alichokosea ni kalenda.

Mikoa yetu miwili ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba ikikaribia kwisha au Desemba, hukoma Aprili au Mei mwanzoni, na katikati, mwishoni mwa Januari au Februari, mara nyingi mvua hukatika kwa wiki moja au mbili. Vuli ya Tanga na Dar es Salaam sisi hatuna. Kwa hiyo maelekezo mengi ya bustani yanayozunguka mitandaoni, yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa Arusha, Iringa au Lushoto, humpoteza mtu wa Mikindani au wa Mingoyo. Tarehe ni za kwingine, udongo ni wa kwingine, na baridi yao huku haipo.

Masika ya pwani yana mambo mawili ambayo nyanya haiyawezi. La kwanza ni jani kukaa limelowa kwa saa nyingi, usiku na asubuhi, hali inayopendwa na bakajani na kila ukungu. La pili ni joto la usiku. Januari usiku wa pwani huwa karibu nyuzi 23 au 24, na kwa joto hilo chavua ya nyanya hudhoofika, maua yanadondoka hata kama mche ni mzima na mnene. Mtu anauona mche mkubwa wa kijani, anangoja tunda, tunda haliji. Kuuongezea urea ni kuuongezea majani tu.

Kipupwe ni kinyume chake. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 19 au 20, na Newala, iliyo zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, hushuka zaidi. Jani hukauka mapema, ukungu hupungua, maua hushika. Kinachokosekana ni maji peke yake. Mvua iliyozidi huwezi kuirudisha mawinguni, lakini maji yaliyopungua unaweza kuyaleta kwa ndoo, na kazi yote ya bustani ya kusini ni kuhakikisha ndoo hiyo haipotei njiani.

Mchanga

Inapotelea wapi? Mchangani. Uwanda wa Makonde, kutoka Mtwara Vijijini kupanda Tandahimba hadi Newala, kwa sehemu kubwa ni mchanga mwekundu au wa kahawia wenye kina kirefu. Mkorosho unaupenda kwa sababu mizizi yake huzama chini kabisa kufuata unyevu. Mchicha, wenye mizizi ya sentimita 30, hauwezi kufuata kitu. Kabla ya kununua hata pakiti moja ya mbegu, chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina hichohicho, lijaze maji, liache linywe lote, kisha lijaze tena na utazame saa. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya dakika kumi, una mchanga mtupu. Yakikaa saa moja au mbili, una udongo mzuri. Yakilala hadi kesho yake, una mfinyanzi wa bondeni, na mengi ya hapa chini utayageuza: utainua matuta badala ya kuzamisha vitalu.

Wenye fedha nyingi kuliko sisi waliwahi kufyeka kwanza na kuuliza udongo baadaye. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 Kongwa, ukaja Urambo na Nachingwea, na ukaachwa mwaka 1951. Bandari ya Mtwara na reli iliyokwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja kwa wingi uliotarajiwa. Bandari ipo, reli iling'olewa. Shimo moja la sentimita 30 halina gharama yoyote.

Mchanga una kasoro mbili: haushiki maji, na haushiki mbolea. Dawa yake ni kitalu cha kuzama. Kwa kitalu cha mita 1 kwa mita 5, toa sentimita 20 za udongo wa juu, uweke upande mmoja. Toa sentimita 20 nyingine za chini, uweke upande wa pili, usizichanganye. Chini ya shimo tandika makumbi ya nazi, tumbo likitazama juu, yakigusana. Makumbi hunyonya maji na kuyaachia polepole, nayo hukaa ardhini miaka kadhaa kabla ya kuoza yote. Tumia yaliyonyeshewa msimu mzima, au yaloweke wiki mbili na kumwaga yale maji ya kahawia mara mbili tatu, kwa sababu makumbi mabichi hutoa chumvi na utomvu unaodumaza miche. Juu yake rudisha kiasi cha nusu ya udongo wa chini. Kisha chukua udongo wa juu, uchanganye na madebe mawili ya samadi iliyooza na debe moja la mboji, uurudishe. Udongo wa chini uliobaki uwe kingo kuzunguka kitalu. Ukimaliza, uso wa kitalu uwe chini ya kingo kwa sentimita 10 hivi. Maji yakimwagwa hayakimbii, upepo unapita juu, na unyevu unabaki.

Mvua zikirudi, kitalu hichohicho hujazwa na kuinuliwa kiwe tuta la sentimita 15 au 20, la sivyo kitageuka bwawa. Wengi hujenga tuta zuri mwezi wa Desemba, wakaliacha hivyohivyo hadi Julai, na kila ndoo wanayomwaga inateremka pembeni. Umbo la kitalu linatakiwa kubadilika mara mbili kwa mwaka.

Samadi ya mbuzi ndiyo rahisi kupata huku. Ingiza mkono katikati ya lundo: ukihisi joto, bado, ukisikia harufu kali inayochoma pua, bado. Ya kuku ina nguvu zaidi, kwa hiyo nusu debe kwa kitalu kile inatosha, tena iliyooza kabisa. Joto letu hula samadi haraka, hivyo kila unapopanda upya ongeza debe moja. Huwezi kuweka mwaka huu ukalala hadi miaka mitatu ijayo.

Mbolea ya dukani nayo mchangani hutolewa kidogokidogo. Kizibo kimoja cha soda kilichosawazishwa ni kama gramu 5 za urea. Kwa mboga za majani, kizibo kimoja kwa mita moja ya mraba, wiki mbili baada ya kupanda, kisha tena kila baada ya wiki mbili. Ukimwaga vizibo vitatu kwa mara moja, sehemu kubwa itateremka na maji hadi mahali ambapo ni mkorosho wa jirani utakaofaidi. Chora mfereji mdogo sentimita 5 kutoka kwenye shina, weka, fukia, mwagilia.

Matandazo yawe ya sentimita 5: nyasi kavu, maganda ya karanga, au majani ya mkorosho. Majani ya mkorosho ni magumu na huchelewa kuoza, sifa njema kwa kufunika, lakini usiyachimbie udongoni kabla hayajaoza, maana yakioza huko hushindana na mboga kwa naitrojeni na mboga huwa njano. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka kila shina. Kiangazi mchwa hufuata nyasi kavu, na wakikuta shina limeegemewa hulila pamoja nazo.

Hesabu ya ndoo

Mita moja ya mraba ya mboga katika kipupwe hupoteza lita 4 hadi 5 za maji kwa siku. Kitalu chetu cha mita 5 za mraba, basi, kinahitaji lita 20 hadi 25, yaani ndoo moja kubwa iliyojaa na kidogo juu yake. Oktoba, jua linapowaka na hewa ni kavu, ni ndoo moja na nusu. Sipendi shauri la "mwagilia vya kutosha" kwa sababu halimsaidii mtu yeyote. Ndoo moja, kitalu kimoja, siku moja: mtu akijua hivyo anaweza kuamua mwenyewe ana nguvu ya vitalu vingapi. Anayechota mbali asilime vinne.

Kwenye mchanga gawa ndoo hiyo mara mbili, nusu alfajiri na nusu jioni jua likipoa. Ukiimwaga yote mara moja, itavuka mizizi. Mwaga shinani, usinyunyizie majani, hasa ya nyanya. Na kabla ya kumwaga, zamisha kidole hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu chini, ndoo ya jioni inaweza kusubiri asubuhi.

Sasa tazama bati. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba yenye bati la mita 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 900 na ukipoteza sehemu moja ya tano, inakusanya karibu lita 29,000 kwa msimu. Kitalu kimoja kwa lita 25 na siku 150 za kiangazi kinataka lita 3,750. Kwa hiyo simtanki ya lita 5,000 iliyojaa Aprili inabeba kitalu kimoja hadi Oktoba na kubakiza maji ya kitalu cha miche. Kimoja tu, lakini kitalu kimoja kinacholishwa kila siku hutoa mboga kuliko vinne vyenye kiu. Huko Newala na Tandahimba, ambako maji ya bomba hupandishwa uwandani kwa pampu kutoka chini kule Mitema, na miaka mingi ndoo imekuwa ya kununuliwa, mfereji wa bati ni kifaa cha bustani sawa na jembe. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite, ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uelekeze bomba tangini.

Anayekaa karibu na bahari ana shida nyingine. Visima vya ufukweni huwa na chumvi, na inazidi kiangazi kinapoendelea. Dalili ni kingo za majani kuungua, kuanzia majani ya zamani, huku katikati kukiwa bado kijani. Maji ya namna hii usiyadondoshe kidogokidogo juu ya udongo, maana kila tone linalokauka linaacha chumvi yake pale. Mwaga kwa wingi siku moja, ruka siku, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Hapa mchanga unakusaidia, kwa kuwa hausitasiti kupitisha. Usiguse majani. Panda spinachi, ambayo ni hodari kwelikweli kwenye chumvi, kisha mchicha na kunde. Maharage, karoti na vitunguu vitakuvunja moyo bure.

Kuna pia ardhi yenye mawe ya matumbawe, kwa mfano sehemu za Mikindani na mwambao wa Kilwa. Hapo majani machanga huwa ya njano na mishipa ikibaki kijani, kwa sababu udongo una chokaa nyingi na madini ya chuma hayapatikani ingawa yamo. Majivu ya jikoni yanazidisha ugonjwa huo. Majivu hayohayo, kwenye mchanga wenye asidi wa Tandahimba, ni dawa: bakuli moja kwa mita ya mraba, yachanganywe na udongo kabla ya kupanda. Ukisikia mtu anasifu majivu, muulize kwanza anaishi wapi.

Kusi na salfa

Upepo wa kusi huanza kushika Aprili na huvuma hadi Septemba. Pwani huja na chumvi ya bahari, na kila mahali huja na kiu: jani linalopigwa na upepo mchana kutwa hunywa zaidi kuliko lililokingwa. Ukingo mzuri ni ule unaopitisha upepo nusu na kuzuia nusu. Makuti yaliyosukwa kwa nafasi au matete yanafaa. Ukuta wa matofali au mabati unarusha upepo juu, kisha unauangusha kwa nguvu hatua chache mbele, juu ya nyanya zako. Ukingo wa mita 2 hukinga vizuri hadi mita 10 nyuma yake, na kidogo hadi 20. Uwekwe upande wa kusini-mashariki.

Jambo ambalo maelekezo ya kwingine hayalitaji kabisa ni salfa. Kuanzia Juni mikorosho inapotoa majani mapya na maua, wakulima hupuliza salfa ya unga kupambana na ubwiriunga, ukungu mweupe wa mikorosho, na hurudia kila baada ya wiki mbili au tatu hadi Agosti au Septemba. Unga huo haukai kwenye mkorosho peke yake. Huja bustanini.

Kwa nyanya na bamia huo unga si adui, unapunguza hata utitiri. Tatizo liko kwenye matango, matikiti na maboga: majani yake huungua kwa salfa, hasa mchana wa jua kali, na mtu hudhani ni ugonjwa. Panda jamii hii mbali na mikorosho, au asubuhi ya kupuliza ifunike kwa shuka kuukuu, na unga ukiwa umeshakaa uoshe kwa maji mapema kabla jua halijapanda. La pili: usinyunyizie mafuta ya mwarobaini au mafuta yoyote kwenye jani lililopata salfa ndani ya wiki mbili. Viwili hivyo vikikutana huunguza hata mmea ambao kila kimoja peke yake kingeuacha salama. La tatu huja polepole. Salfa ikiingia udongoni vijidudu huigeuza kuwa asidi, na bustani iliyo chini ya mikorosho iliyopulizwa miaka mingi huwa chachu kuliko ilivyokuwa. Ukiona mboga hazikui hata kwa samadi nzuri, na uko uwandani, majivu au chokaa ndiyo ya kujaribu kwanza. Kwa uhakika, kupima udongo ni bora kuliko kukisia, na kituo cha utafiti cha Naliendele kipo nje kidogo tu ya mji wa Mtwara.

Mboga ulizotarajia kuchuma kesho zioshwe vizuri zikipata unga huo, au subiri siku chache.

Nyanya, tangu mbegu

Mbegu za nyanya zisiwe ardhini kabla ya tarehe 20 Aprili. Zimwagwe kati ya hapo na katikati ya Mei, chini ya kibanda kidogo cha makuti kinachozuia matone makubwa. Tena usimwage zote. Mwisho wa masika pwani yetu huwa na hila: kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili, na Hidaya ya mwaka 2024 ilikuja Mei mwanzoni ikaijaza Kilwa maji. Hata pasipo kimbunga, mvua ya siku tatu inafagia kitalu. Bakiza nusu ya mbegu kwa wiki mbili.

Tanya na Tengeru 97 ni mbegu za kawaida unazoweza kuzitunzia mbegu mwenyewe. Chora mistari ya kina cha sentimita 1, umbali sentimita 15, dondosha mbegu moja moja, fukia, funika nyasi. Siku ya tano hadi ya saba zikichomoza, toa nyasi jioni hiyohiyo; ukichelewa siku mbili miche itakuwa mirefu na myeupe kama uzi. Punguza ibaki sentimita 3 au 4 kati ya mche na mche. Msongamano na maji mengi huleta kinyausi: mche unakatika pale unapogusa udongo, unalala, na kesho wamelala kumi. Hapo acha maji hadi uso ukauke, ng'oa vilivyolala pamoja na udongo wake, ongeza mwanga.

Wiki ya mwisho punguza maji ili miche ikaze. Ikiwa na majani manne au matano, wiki ya nne au ya tano, hamisha jioni. Kwa kitalu chetu, mistari miwili iliyoachana sentimita 60, na sentimita 50 kati ya mche na mche, ni miche 20. Fukia shina hadi karibu na majani yale ya kwanza ya mbegu, kwa kuwa shina la nyanya huota mizizi, na mchangani kila mzizi una kazi. Zungushia shina kipande cha gazeti cha sentimita 5, nusu ndani ya udongo na nusu nje, kwa ajili ya sota anayekata miche usiku. Ukikuta mche umekatwa asubuhi, chimbua pale pale kwa kidole. Sota yupo, amejikunja, hajaenda mbali.

Weka miti ya kuegemezea mapema, sio nyanya ikiwa imeshalala. Ondoa vichipukizi vya kwapani kila wiki, na majani yanayogusa udongo.

Mche ukinyauka mchana na kuamka jioni, kisha siku ya tatu hauamki tena huku majani bado kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kikining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka baada ya dakika chache, ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa, choma, na hapo usipande nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Nyuzi zisipotoka, tazama mizizi. Mizizi yenye vinundu kama shanga ni minyoofundo, wakazi wakubwa wa mchanga. Usivichanganye na vinundu vya kunde, ambavyo hubanduka kwa kucha na ndani ni vya waridi. Hivyo ni rafiki.

Tunda lenye kidonda cheusi kikavu kwenye kitako halina ugonjwa wa kuambukiza. Kalsiamu hupanda na maji, na maji yakija leo mengi, kesho hakuna, tunda linalokua haliipati. Dawa ni ndoo ya kila siku isiyokatika, na matandazo. Kwenye udongo uliochachushwa na salfa, kalsiamu yenyewe hupungua, kwa hiyo ile chokaa ya kabla ya kupanda inasaidia mara mbili.

Kisha kuna kantangaze, nondo wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014 akitokea, kwa asili, Amerika ya Kusini. Buu wake hula katikati ya jani akiacha mabaka yanayopitisha mwanga, halafu huingia tundani karibu na kikonyo. Kagua majani kila siku mbili, chuma yenye mabaka ukiwa bado na machache, yafunge kwenye mfuko mweusi na uuache juani siku kadhaa. Ukiyatupa kwenye mboji unamfugia mahali pazuri zaidi. Mwarobaini husaidia buu akiwa mdogo: twanga nusu kilo ya kiini cha mbegu, loweka usiku kucha katika lita 10 za maji, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko cha sabuni, nyunyiza jioni kwa sababu jua huiharibu, rudia kila siku tano hadi saba. Na kumbuka ile habari ya salfa.

Wakati wa mvua

Masika hayana haja ya bustani tupu. Ni wakati wa vyenye ngozi ya hapa: bamia, nyanya chungu, mnavu, matembele, kisamvu, majani ya kunde na ya maboga. Bamia iloweke usiku mmoja, panda sentimita 60 kwa 30, na baada ya wiki saba hivi uchume kila siku ya pili, maana bamia iliyoachwa siku nne huwa kamba. Mchicha: nusu kijiko cha chai cha mbegu kwa mita moja ya mraba, ichanganye na vikombe viwili vya mchanga mkavu isirundikane, fukia kwa samadi laini, kandamiza kwa kiganja. Sisimizi hubeba mbegu iliyoachwa wazi. Wiki ya tatu au ya nne unang'oa. Vipando vya matembele vilivyowekwa Desemba havihitaji mwenyewe kabisa, ila vigawiwe mpaka wake, la sivyo vitatambaa hadi mlangoni.

Oktoba na Novemba

Miezi hii watu wako kwenye korosho, na bustani huachwa ijifie. Sioni ubaya. Ni miezi ya jua kali, nyanya zimechoka, na mtu mmoja hawezi kuokota korosho na kubeba ndoo mbili. Lakini kitalu kilichoachwa kinaweza kufanyiwa kazi na jua lenyewe. Ng'oa kila kitu pamoja na mizizi, sawazisha, mwagilia hadi unyevu ufike sentimita 30, kisha tandaza nailoni inayoonyesha ndani, ikigusana na udongo, kingo zake zifukiwe pande zote hewa isitoke. Nyeusi haifai kwa kazi hii, kwa kuwa joto hubaki kwenye nailoni yenyewe. Acha wiki sita. Joto la chini yake hupunguza sana minyoofundo, mbegu za magugu na ukungu wa kwenye udongo. Kama una kitalu kimoja chenye mche wa nyanya chungu usiotaka kuupoteza, kiwekee paa la makuti machache linalozuia theluthi moja ya jua, na ile ndoo na nusu.

Nailoni itolewe mvua ya kwanza ya kweli ikinyesha. Usilime tena kwa kina, utaleta juu minyoo ya chini ambayo joto halikuifikia. Inua tuta, weka debe la samadi.

Siku hiyohiyo nenda upande wa kusini-mashariki wa bustani, mita 2 kutoka kitalu cha mwisho, upande mbaazi: mistari miwili iliyoachana sentimita 50, mashimo ya sentimita 50, mbegu mbili au tatu kwa shimo, ya mstari wa pili yakikaa katikati ya nafasi za ule wa kwanza. Tumia mbaazi ndefu ya kienyeji, sio ya muda mfupi. Hiyo ya kienyeji hurefuka siku zikiwa ndefu na huanza maua siku zikipungua, kwa hiyo iliyopandwa Desemba hufika mita 2, na iliyocheleweshwa hadi Februari hubaki fupi na kuzaa hivyohivyo. Machi, chimba mfereji mwembamba wa kina cha jembe kati yake na kitalu ili mizizi isije kunywa ndoo ya nyanya. Kusi ikishika, ua utakuwa umeshasimama, na utaendelea kusimama hadi uvune mbaazi zake Agosti au Septemba.